Mshororo wa Nne

*Leta buni, mkulima, mizani haina jina,*
*Tajiri hata yatima, uzito ndio bayana,*
*Mshale ukisimama, karani hana hiana,*

Hapo ndipo kalamu ya baba ilipoishia,
ukurasa wa nyuma wa daftari la chama cha msingi Kashaunda,
wino wa buluu, doa la rubisi pembeni.
Apolinari Byabato, karani wa kahawa,
alihesabu silabi kwa vidole vilevile
vilivyohesabu magunia.
Kina, aliniambia, ni sauti inayorudi.
Ziwani nako kuna kina.
Huko hakirudi kitu.

Ulikuwa mwezi wa senene.
Walivuka mpaka alfajiri, vifaru mbele, malori tupu nyuma.
Malori tupu: hapo tungejua.
Siku ya tatu bendera yao ilikuwa juu ya ghala letu.
Siku ya tisa wakapita na kipaza sauti migombani:
*Njooni na kadi za chama. Wote. Hakuna kitu kibaya.*

Walisema Kiswahili.
Nikiulizwa kilichoniuma kuliko vyote najibu hivyo,
na watu hunitazama.
Kilikuwa cha kambini, kimepinda,
lakini njoo ilikuwa njoo, kaa chini ilikuwa kaa chini,
na kijana mwenye bunduki alimwita Domitila Kokugonza *mama*,
akamsogezea gunia akalie.

Waliwapanga mishororo, mgongo kwa ziwa.
Baba akapewa daftari lake mwenyewe asome.
Akasoma kama siku ya malipo, polepole,
na watu wakaitika kama siku ya malipo.
Nshekanabo. *Nipo.*
Bamwenda. *Nipo.*
Koburungo mke wa Leonsi. *Nipo, na mtoto.*
Kisha akasoma jina la Mutashoboka, aliyekufa kwa surua
kabla sijazaliwa.
Kimya.
Akasoma marehemu mwingine. Na mwingine.
Ofisa akauliza, hawa wako wapi?
Baba akasema: wamechelewa, bwana. Wako njiani.
Waliojificha mashambani, majina yao aliyaruka.
Watu sita. Mmoja wao bado yu hai,
hapendi nilisimulie hili.

Mimi sikuwamo daftarini. Sikuwa na mbuni hata mmoja.
Nilikuwa na miaka tisa na kopo la senene.
Baba akaniita mbele ya wote:
mwanangu, siwezi kusoma vizuri, kimbia ukaniletee miwani.
Ofisa akapunga mkono.
Nikakimbia.
Nilikuwa uvunguni mwa kitanda, napapasa,
nilipokumbuka miwani iko mfukoni mwa shati lake,
na nilikuwa bado uvunguni
bunduki zilipoanza.

Usiku ule senene walishuka kuliko mwaka wowote.
Walitua kwenye mabati, kwenye kahawa iliyomwagika,
kwenye watu.
Hakuna mkono uliowaokota.

Mizani waliipakia lorini, pamoja na milango.

Leo napima dagaa Mwaloni, Kirumba.
Jioni nikifunga hesabu hujaribu kuumalizia ubeti wa baba.
Nane kwa nane, *-ma* kwa *-na*.
*Mama* inaingia.
*Salama* inaingia; hiyo naikataa.
*Jina* alishalitumia.
Nikifika silabi ya tano naanza kusikia *nipo, nipo*
na hesabu inanipotea.

Jana alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo,
kijana, shati limepigwa pasi, Kiswahili kimepinda palepale.
*Mama, njoo, nipimie vizuri.*
Mizani ya siku hizi haina mshale.
Namba hucheza kidogo, halafu hutulia.
Nikapima.
Nikashusha gunia, nikapima tena.